Usiku mmoja wa poka: hesabu ya kutoka Makambako hadi Dar es Salaam

Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania ni Sh 500,000 kwa mwezi, kutoka Sh 370,000. Kiasi hichohicho ndicho anachohitaji mchezaji wa poka ili aketi bila unyonge kwenye meza ndogo ya kasino ambako dau la lazima ni Sh 5,000. Kijana wa Makambako au Njombe mjini aliyezoea kucheza kwenye simu kwa senti kumi za dola haambiwi na mtu kwamba hiyo ni hatua kubwa. Anachohofia kwa kawaida ni watu: wazee wa meza wasiopepesa macho, wanaomsoma mgeni usoni kabla hajagusa karata. Nimejaribu kuiweka safari yake ya kwanza kwenye namba, na watu hao wametokea kuwa sehemu ndogo ya gharama.

Kwanza vipimo. Poka inayozungumziwa hapa ni ile ya Texas, kila mchezaji karata mbili mkononi na karata tano za wote mezani. Mgao ni mzunguko mmoja, tangu karata zinapogawiwa hadi mshindi anapopatikana. Blaindi ni dau la lazima ambalo huwekwa kabla karata hazijaonekana, na ndiyo rula ya mchezo huu: ushindi na hasara hupimwa kwa idadi ya blaindi. Kapu ni fedha zote zilizokusanyika katikati ya meza. Chipu ni kile kidude cha duara kinachosimama badala ya fedha. Dola moja nimeihesabu kwa Sh 2,500, kwa wepesi wa hesabu. Mezani kila kitu kiko kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni nchini.

Blaindi ya Sh 5,000 ni dhana yangu, na haikutoka hewani. Ni sawa na dola 2, na meza ya dola 1 na 2 ndiyo iliyozoeleka kuwa ya chini kwenye kasino za Marekani. Desturi ni kuketi na blaindi 100, ndiyo Sh 500,000 tuliyoanza nayo. Kwenye simu, blaindi ya senti 10 ni Sh 250, na blaindi 100 ni Sh 25,000. Mchezo ni uleule, karata ni zilezile 52, bei ya kiti imepanda mara 20.

Halafu kasi. Mgawaji mzuri wa karata, akichanganya kwa mikono, akihesabu chipu na kusubiri watu tisa wafikiri, hutoa migao kama 30 kwa saa. Kwenye simu au kompyuta meza moja hutoa kama 70, na mtu aliyezoea hufungua meza nne kwa pamoja: 280 kwa saa. Usiku wa saa nane kasinoni ni migao 240. Kwa huyu wa kompyuta hiyo ni kazi ya dakika 51.

Chukua ree mbili, karata bora kuliko zote za kuanzia. Nafasi ya kuzipata ni 4 kati ya 52, kisha 3 kati ya 51, yaani mara 1 katika kila migao 221. Nyumbani, kwa kasi ya meza nne, hutokea kila baada ya dakika 47 kwa wastani. Kasinoni ni kila baada ya saa saba na dakika 22. Kuna theluthi nzima ya usiku, asilimia 34 kwa usahihi zaidi, ambazo mtu hukaa saa nane na kurudi kitandani bila kuziona hata mara moja. Na akiziona, dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushindwa mara 15 katika 100.

Kasi hiyo ina bei isiyoonekana. Mchezaji makini huingia kwenye mgao mmoja kati ya mitano na minne huiacha. Kasinoni mgao ni dakika mbili, kwa hiyo katika kila saa hucheza dakika 12 na hutazama wenzake dakika 48. Kwa usiku mzima ni saa sita na dakika 24 za kutazama. Aliyezoea meza nne hajawahi kukaa hivyo. Kishawishi ni kuanza kuingia na karata ambazo nyumbani angezitupa. Tuseme anapanda kutoka asilimia 20 ya migao hadi 30. Hiyo ni migao 24 ya ziada kwa usiku. Kama kila mmoja unamgharimu nusu ya blaindi tu, amepoteza blaindi 12, Sh 60,000. Ishike namba hiyo, maana inarudi sasa hivi.

Mchezaji wetu tumpe sifa: anashinda blaindi 5 kwa kila migao 100, baada ya makato. Ni kiwango kizuri, na ni kiwango ambacho watu hukitaja zaidi kuliko wanavyokifikia. Kwa migao 240 anatarajia blaindi 12, Sh 60,000. Ni ileile iliyoliwa na uchovu wa kutazama. Kwa maneno mengine, kosa dogo la kuingia kwenye migao 24 isiyomhusu linatosha kufuta ubora wote aliosafiri nao.

Lakini wastani si usiku. Hapa kipimo kinachohitajika ni mtawanyiko, yaani umbali ambao matokeo hutupwa juu au chini ya wastani. Kwa kawaida usiku mbili kati ya tatu huangukia ndani ya umbali huo. Kwa poka ya Texas isiyo na ukomo wa dau, mtawanyiko hukadiriwa kuwa kati ya blaindi 80 na 100 kwa migao 100. Nimechukua 90. Kwa migao 240 unakuwa blaindi 139, karibu Sh 697,000. Weka pamoja: ujuzi unaleta Sh 60,000, bahati inayumbisha Sh 697,000 kila upande. Bahati ni kubwa mara 11.6. Matokeo yake ni kwamba mchezaji huyu mzuri, katika usiku 100, atainuka na hasara usiku 47. Usiku wake wa kwanza, ukiwa mzuri au mbaya, haumwambii chochote kuhusu uwezo wake.

Itachukua muda gani ujuzi ulingane na bahati? Kwa namba hizohizo ni migao 32,400. Kwa meza nne za kompyuta ni saa 116, chini ya usiku 15 wa saa nane. Kasinoni ni saa 1,080, sawa na usiku 135. Akienda mara moja kwa mwezi, ni miaka 11 na miezi mitatu.

Sasa barabara. Mkoa wa Njombe unafahamu zaidi vibanda vya kubeti na mashine za dubwi. Kasino zenye meza za karata ni habari ya miji mikubwa, Dar es Salaam kwanza. Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Tunduma, ni kama kilomita 650 kutoka Dar. Viwango vya nauli vilivyotangazwa na LATRA Desemba 2023 vilikuwa Sh 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na Sh 67.84 kwa daraja la kati. Basi la kawaida ni Sh 31,506 kwenda, kama Sh 63,000 kwenda na kurudi. Daraja la kati ni Sh 88,192. Anayetoka Njombe mjini ana kilomita 60 hivi za kuongeza, Sh 2,908 kila upande. Wa Mawengi, kule Ludewa, anaanza mbali zaidi, na kwake hesabu yote inayofuata ni mbaya kidogo kuliko ilivyoandikwa.

Nimetumia basi la kawaida. Ongeza gesti ya Sh 40,000 kwa usiku mbili: 80,000. Chakula Sh 15,000 kwa siku tatu: 45,000. Bajaji na bodaboda mjini: 22,000. Jumla ni Sh 210,000. Bei hizi ni makadirio ya mtu asiyejibana sana wala kujitanua, na kila msomaji anaweza kuweka zake. Kwa rula ya poka, Sh 210,000 ni blaindi 42.

Alichotarajia ni blaindi 12. Safari imekula 42. Kabla hajagusa karata, mchezaji mwenye ujuzi ana matarajio ya kurudi Makambako akiwa pungufu kwa Sh 150,000. Ili nauli na gesti zirudi tu, bila faida ya shilingi, lazima ashinde blaindi 17.5 kwa kila migao 100. Hiyo ni mara tatu na nusu ya kiwango chake cha nyumbani.

Jibu linalokuja haraka ni: basi akae siku nyingi, nauli igawanyike. Tuijaribu. Kila usiku wa ziada ni gesti 40,000, chakula 15,000 na bodaboda 5,000, jumla Sh 60,000. Na kila usiku wa ziada unatarajiwa kumletea Sh 60,000. Tofauti ni sifuri. Akikaa siku moja au mwezi mzima, zile Sh 150,000 za mwanzo hazirudi. Nakiri kwamba usawa huo kamili umetokana na bei nilizochagua, ila ukipunguza gesti hadi Sh 30,000 utabakiwa na Sh 10,000 kwa usiku, na utahitaji usiku mwingine 13 hivi kufidia hasara iliyobaki. Wiki mbili Dar ili kurudi sifuri.

Hesabu hii ina mahali pake dhaifu, nami napaonyesha. Kiwango cha blaindi 5 kimetoka kwenye mtandao, ambako wapinzani ni wagumu. Kasinoni huketi pia mtu aliyemaliza mkutano, mgeni wa hoteli, mwenye fedha za kupotezea muda. Ushindi wa blaindi 10 kwa saa husikika sana miongoni mwa wacheza poka wa ana kwa ana. Tukiukubali, usiku wa saa nane ni blaindi 80, Sh 400,000, na ukitoa safari zinabaki Sh 190,000. Hata hivyo, kwa mtawanyiko uleule, atarudi na hasara safari 39 kati ya 100. Na blaindi 10 kwa saa ni sawa na 33 kwa migao 100, karibu mara saba ya kiwango chake cha nyumbani. Anayeutaja ushindi huo aombwe daftari la usiku 135, na ajibu kama aliandika pia zile siku alizotoka kimyakimya.

Tena fedha hiyo haitoki hewani. Katika poka ya wachezaji kwa wachezaji kasino haichezi, inakata. Tuseme inachukua asilimia 5 ya kapu, kapu la wastani ni Sh 80,000, na makapu 20 kati ya 30 kwa saa yanafikia kukatwa. Ni Sh 4,000 mara 20, Sh 80,000 kwa saa, Sh 640,000 kwa usiku. Watu tisa walikuja na Sh 4,500,000. Asilimia 14.2 ya fedha yote iliyoketi imeondoka mezani, na kama wote tisa wana uwezo sawa, kila mmoja anainuka na Sh 428,889 kwa wastani. Yule tuliyempa ushindi wa Sh 60,000 baada ya makato, kwa kweli lazima auzidi wastani huo kwa Sh 131,111. Kodi sijaiingiza kabisa, kwa kuwa viwango vyake kwenye michezo ya kubahatisha vimezoea kubadilishwa na Sheria ya Fedha.

Yapo pia makosa ya mikono, ambayo simu haikumfundisha. Kwenye simu kitufe kinasema bei na mashine inahesabu. Mezani, mgeni ana ree mbili, dau la kulipia ni Sh 5,000, naye anataka kupandisha hadi Sh 25,000. Anachukua chipu moja ya 25,000 na kuisukuma mbele, kimya. Mgawaji anamrudishia chipu nne za 5,000. Kanuni ni kwamba chipu moja kubwa isiyotanguliwa na tamko ni malipo ya kawaida, haipandishi dau. Wengine wanne wanaona bei ni rahisi na wanaingia. Ree zake, ambazo dhidi ya mtu mmoja zingeshinda mara 85 katika 100, dhidi ya wanne wenye karata zozote zinashinda mara 56. Alitakiwa kusema neno moja tu kabla ya kuachia chipu. Vilevile, akiweka 10,000 kisha mkono ukarudi kuchukua nyingine, kinachohesabiwa ni kile cha kwanza.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye kibao. Kasinoni neno poka hubandikwa pia kwenye meza ambako humchezi mwenzako, unaicheza nyumba. Mchezo wa Karibiani ni mfano mzuri: unaweka dau la kwanza, unapata karata tano, unaona moja ya mgawaji, na ukitaka kuendelea unaongeza dau mara mbili ya la kwanza. Mgawaji asipokuwa na angalau ree na kingi, au kitu cha juu zaidi, karata zako nzuri hulipwa dau la kwanza tu. Hilo hutokea karibu mara 44 katika 100. Ujuzi wa kumsoma mpinzani hapa hauna kazi, maana mgawaji hana uamuzi wowote wa kufanya.

Faida ya nyumba kwenye mchezo huo ni asilimia 5.22 ya dau la kwanza. Kwa dau la Sh 10,000 ni Sh 522 kwa mgao. Migao 50 kwa saa ni Sh 26,100, na usiku wa saa nane ni Sh 208,800, karibu gharama ya safari nzima kwa mara ya pili. Anayetaka ionekane nafuu atagawanya kwa fedha zote ulizoweka, pamoja na zile za kuendelea, na asilimia itashuka hadi kama 2.56. Shilingi zilizoondoka ni zilezile. Ruleti yenye sifuri moja, ambayo wacheza poka huidharau, ni 2.70.

Mbele ya namba hizi mtu hutajiwa Chris Moneymaker. Kisa chake ni cha kweli. Mwaka 2003 mhasibu huyu wa Tennessee alipata tiketi ya mashindano makuu ya dunia kupitia mashindano ya mtandaoni ambayo kiingilio chake hutajwa kuwa dola 86. Akaenda Binion's Horseshoe, Las Vegas, kwenye mashindano yake ya kwanza ya ana kwa ana, akawashinda wenzake 838 na kuchukua dola 2,500,000. Ni mara 29,000 ya dola 86.

Tuwaangalie hao 838. Kiingilio rasmi kilikuwa dola 10,000, kwa hiyo zilikusanywa dola 8,390,000. Zawadi zilikuwa dola 7,802,700. Tofauti ya dola 587,300 ni asilimia 7 kamili, ilikatwa kabla ya karata ya kwanza. Kila kiti, kwa wastani, kilirudishiwa dola 9,300. Waliolipwa chochote ni 63. Waliotoka mikono mitupu ni 776, asilimia 92.5, na miongoni mwao hakuna anayetajwa Makambako. Mwaka 2023 washiriki walikuwa 10,043 na zawadi dola 93,399,900. Makato yalikuwa asilimia ileile 7, yaani dola 7,030,100, mara 12 ya yale ya 2003. Aliyenufaika na kisa cha Moneymaker kwa uhakika, kila mwaka, ni mwenye meza.

Kubaki nyumbani nako kuna hesabu yake. Blaindi 5 kwa migao 100, kwa blaindi ya Sh 250 na migao 280 kwa saa, ni Sh 3,500 kwa saa. Saa nane ni Sh 28,000, toa kifurushi cha Sh 2,000, zinabaki Sh 26,000. Ni kidogo, na ni Sh 176,000 juu ya matarajio ya safari. Lakini fedha hiyo ni namba kwenye kioo hadi siku itakapotolewa. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka. Moja yao, Full Tilt, ilikuja kudaiwa na waendesha mashtaka kwamba mwishoni mwa Machi ilikuwa inadaiwa na wachezaji dola milioni 390 huku benki ikiwa na milioni 60. Kwa kila shilingi 100 iliyosomeka kwenye kioo, zilizokuwepo ni 15. Wachezaji wa Marekani walianza kurejeshewa fedha zao 2014.

Hapo ndipo kasino inapoishinda simu waziwazi. Chipu hubadilishwa dirishani usiku uleule, na mwenye kasino ana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ambako mlalamikaji anaweza kwenda. Anayecheza kwenye tovuti ya ng'ambo isiyo na leseni ya Bodi, akifungiwa akaunti, hana mlango wa kubisha Dodoma wala Dar. Hatari hiyo haimo kwenye zile Sh 26,000, na ilipaswa kuwemo.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi stendi ya Makambako, mchezaji afungue rekodi yake yote ya mtandaoni, siku mbaya zikiwemo, aone anashinda blaindi ngapi kwa kila migao 100. Ikiwa ni chini ya 17.5, Sh 210,000 za safari aziandike kwenye matumizi, na zile Sh 500,000 za mezani ziwe fedha ambayo hakuna ada ya shule wala mbolea inayoisubiri.